Taa za karibu ndo zilizotuambia ulimwengu unaongeza mwendo

Nimekulia Kibirizi, Kigoma, na kama hujawahi kukaa ufukweni kule usiku wa giza basi kuna kitu hujaona. Siku ambazo hakuna mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na karabai zao, na haipiti saa moja Tanganyika inakuwa kama kuna mji mwingine umeota juu ya maji, taa huku taa kule, nyingine kubwa unaona mpaka watu wanavyoinama kwenye nyavu na nyingine ni nukta tu huko upande wa Kongo. Mjomba wangu alikuwa mvuvi. Nikiwa mdogo nikamuuliza anajuaje kwamba ile nukta ni boti iliyoko mbali na sio karabai mbovu iliyoko karibu. Akanambia, "Mjomba, karabai zote aina moja, ikipigwa pampu sawasawa inawaka vilevile, ukiona ndogo ujue iko mbali." Halafu akaongeza, "Ila uwe umezizoea za karibu kwanza, zingine zinaishiwa upepo."

Ile sentensi ya mwisho niliielewa miaka mingi baadae, tayari niko chuo, siku niliyosoma namna watu walivyogundua kwamba ulimwengu unatanuka na mwendo wa kutanuka unaongezeka. Naandika hii kwasababu kila nikikutana na habari za nishati ya giza, yaani hicho kinachoongeza huo mwendo, naona zinaanzia 1998 zinaishia kwenye Nobel ya 2011, na ile kazi ya kuzizoea taa za karibu inapitwa kama kituo kidogo ambacho basi halisimami. Mi naamini pale ndo penyewe.

Tuanze mbali kidogo. Kwamba ulimwengu unatanuka tunajua tangu miaka ya 1920, Georges Lemaître aliliandika 1927 na Edwin Hubble akaonyesha 1929 kwamba galaksi, yaani kundi kubwa la mabilioni ya nyota, kadiri ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Ila Hubble asingeweza kupima umbali wowote bila Henrietta Leavitt wa Harvard, mama ambaye 1912 alichukua nyota 25 za kwenye Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, zile nyota zinazopanda na kushuka mwanga, akaonyesha kwamba inayochukua siku nyingi kupanda na kushuka ndo yenye mwanga mkali zaidi. Kwahiyo ukihesabu siku zake unajua ni karabai ya ukubwa gani, ukijua ukubwa ukalinganisha na inavyoonekana unapata umbali, kwasababu taa ile ile ukiipeleka mbali mara mbili mwanga unaokufikia unakuwa robo, mara tatu unakuwa sehemu moja ya tisa. Mambo yote yaliyofuata yamesimama juu ya hesabu hiyo.

Sasa kama kila kitu kinatanuka na galaksi zote zina uzito, uvutano unatakiwa uwe unazivuta zirudiane, sawa na jiwe ukilirusha juu, linapanda lakini linapunguza mwendo. Kwa karibu miaka 70 wataalamu walichukulia hivo. Hakuna aliyekuwa anabishana kama mwendo unapungua, walibishana unapungua kwa kiasi gani, kwamba jiwe litarudi chini au litaendelea kupanda polepole milele. Na ili kujua lazima upime zamani, yaani uangalie mbali sana, mabilioni ya miaka nuru, maana mwanga wa huko ulitoka zamani, na huko nyota za Leavitt hazionekani kabisa. Inatakiwa karabai kubwa kuliko zote.

Karabai hiyo ni supanova, yaani nyota inayolipuka, ya aina inayoitwa Ia. Kuna nyota ikishamaliza maisha yake inabaki kiini kidogo kizito, kibete cheupe, ukubwa kama wa Dunia lakini uzito kama wa Jua. Kama ina mwenzake karibu inaweza kumnyonya gesi mpaka ikakaribia uzito wa mara 1.4 ya Jua, au vibete viwili vinagongana, na hapo inalipuka yote, haibaki kitu. Kwa wiki chache inawaka kama majua bilioni kadhaa. Na kitu ambacho mi kilinishangaza sana ni kwamba ule mwanga tunaouona kwa sehemu kubwa sio wa mlipuko wenyewe, ni wa nikeli 56 iliyopikwa ndani ya mlipuko ambayo nusu yake inageuka kobalti kwa siku 6 hivi, halafu kobalti nusu yake inageuka chuma kwa siku kama 77, na ule mgeuko ndo unatoa joto na mwanga. Chuma cha kwenye jembe lako na cha kwenye damu yako kwa sehemu kubwa kilipikwa hivo.

Kwasababu zinalipuka zikiwa na uzito unaokaribiana watu wakasema haya, hizi ni karabai za aina moja. Halafu ikaja 1991. Mwaka ule zilionekana supanova mbili za Ia, moja ikaitwa 1991T ikawa kali kuliko kawaida, nyingine 1991bg ikawa hafifu vibaya mno, tofauti ambayo hakuna namna ya kuificha. Hapo ndo maneno ya mjomba yanaingia, zingine zimeishiwa upepo. Na kama huwezi kujua ipi ina upepo na ipi haina, basi hiyo njia nzima ya kupima ulimwengu imekufa.

Walioiokoa walikuwa Chile. Kuanzia 1989 mpaka 1993 Mario Hamuy, José Maza, Mark Phillips, Nick Suntzeff na wenzao waliendesha msako unaoitwa Calán/Tololo. Walikuwa wanapiga picha kwa darubini ndogo juu ya mlima Cerro Tololo, picha za kwenye vioo sio za kamera za dijitali, vioo vinasafirishwa mpaka Santiago kwenye kituo cha Cerro Calán, na pale mtu anakaa anavilinganisha kimoja kimoja, cha usiku ule na cha usiku mwingine, anatafuta nukta ambayo haikuwepo. Fikiria hiyo kazi, macho yako na galaksi maelfu kwenye kioo kimoja. Wakipata nukta wanaifuata kwa darubini nyingine usiku baada ya usiku, wanaandika inavyopanda na inavyoshuka. Hizi zote ni supanova za karibu, karibu kwa maana ya anga. Hazikuwa zinawaambia lolote kuhusu mwisho wa ulimwengu, walikuwa wanazizoea tu.

Na kwenye kuzizoea ndo kikapatikana. Phillips mwaka 1993 alichukua supanova 9 zilizopimwa vizuri akaonyesha kwamba iliyo kali zaidi inafifia polepole na iliyo hafifu inafifia haraka. Angalia imeshuka kiasi gani siku 15 baada ya kufika kileleni na utajua ilikuwa na upepo kiasi gani. Imeingia nikeli nyingi, inawaka zaidi, na lile wingu la mlipuko linakuwa moto zaidi na linachelewa kuachia mwanga. Mwaka 1996 Hamuy na wenzake wakatoa vipimo vya supanova 29 na sheria ikasimama. Kutoka hapo ukiona supanova popote, hata kama iko nusu ya ulimwengu, ukiifuata kwa wiki chache unaweza kusema ni karabai ya namna gani. Adam Riess, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi Harvard, akaongeza namna ya kutumia rangi ili kutoa athari ya vumbi, maana vumbi linapunguza mwanga lakini pia linaufanya uwe mwekundu kwahiyo linajitangaza lenyewe.

Kazi ya kuzikamata za mbali nayo ni hadithi. Galaksi moja inaweza kukaa miaka mamia bila kutoa supanova ya Ia, na ikitoa inafika kileleni kwa wiki kama 3 halafu inaanza kuzima, na darubini kubwa unaiomba miezi kabla, huwezi kuandika kwenye maombi kwamba naomba usiku wa tarehe fulani nikaangalie kitu ambacho hakijatokea. Timu ya Saul Perlmutter kule Berkeley walitafuta jibu miaka kadhaa na jibu lao lilikuwa mwezi. Unapiga picha maelfu ya galaksi mara tu baada ya mwezi mwandamo, anga likiwa giza. Unaacha wiki 3. Unarudi kabla ya mwandamo unaofuata unapiga zilezile, kompyuta inatoa picha ya kwanza kwenye ya pili na kinachobaki ni nukta mpya, na kwasababu zimeota ndani ya wiki 3 nyingi bado zinapanda au ziko kileleni, na giza bado unalo la kuzifuata. Baada ya hapo unaweza kuomba darubini kubwa miezi kabla ukiwa na uhakika, maana ukitazama galaksi za kutosha supanova lazima zipatikane. Kwa ratiba, hawa na wavuvi wa dagaa wa Kigoma wanaishi kwa kalenda moja, kwenye mbalamwezi hakuna kazi.

Kutafuta walikuwa wanatafutia kwenye darubini ya mita 4 ya pale pale Cerro Tololo, halafu darubini ya Keck huko Hawaii yenye kioo cha mita 10 inachambua mwanga kujua kama kweli ni Ia na mwanga wake umevutwa kiasi gani kuelekea wekundu na kutanuka kwa ulimwengu. Mwaka 1994 Brian Schmidt na Suntzeff wakaanzisha timu ya pili, Riess akawemo, Phillips akawemo, na Schmidt akahamia Australia akiwa anaiongoza kutoka kule. Timu mbili, njia tofauti za kuchakata, na kwa kweli walikuwa wanashindana hasa, hakuna aliyetaka kufika wa pili.

Sasa kipande ambacho watu wengi wanakielezea vibaya. Wanasema supanova za mbali zilionekana hafifu kuliko ilivyotegemewa kwahiyo ulimwengu unaongeza mwendo, basi, mtu anabaki anajiuliza kivipi. Chukua basi linalokuja Kigoma mjini kutoka Kasulu. Sasa hivi linapita mbele yako kwa kilomita 60 kwa saa. Unajua limetembea kilomita 90. Kama dereva amekuwa anapunguza mwendo njia nzima maana yake huko nyuma alikuwa anakimbia zaidi ya 60, kwahiyo safari imechukua chini ya saa moja na nusu. Ukiuliza abiria ukaambiwa tumetumia saa mbili, basi huko nyuma alikuwa anakwenda taratibu na ameongeza mwendo njiani, hakuna maelezo mengine. Kwenye anga, wekundu wa mwanga ndo zile kilomita 90, unakwambia ulimwengu umetanuka mara ngapi tangu mwanga utoke. Uhafifu wa supanova ndo saa za safari, unakwambia mwanga umesafiri muda gani. Wakachukua supanova ambazo tangu zilipuke ulimwengu umetanuka kama mara moja na nusu, na zikawa ziko mbali zaidi kwa asilimia 10 hadi 15 kuliko zilivyotakiwa. Safari imechukua muda mrefu. Zamani ulimwengu ulikuwa unatanuka polepole kuliko sasa.

Riess akiwa anafanya hesabu mwishoni mwa 1997 aliuliza ulimwengu una uzito kiasi gani ili upungue mwendo kama data inavyosema, na jibu likatoka hasi. Uzito chini ya sifuri! Kitu ambacho hakipo. Alimpelekea Schmidt, wakarudia, wakatafuta kosa, hawakuliona. Timu ya Perlmutter nayo kwa njia zake na supanova 42 za mbali ilikuwa inaangalia jambo lile lile. Mwanzoni mwa 1998 zote mbili zikasema hadharani. Timu ya Schmidt walikuwa na supanova 16 za mbali. Kumi na sita tu! Na hapa ndo naomba usimame na mimi kidogo: kila timu ilizipima hizo za mbali kwa kuzilinganisha na za karibu, na kwenye za karibu zote mbili zilitegemea Calán/Tololo. Timu ya Perlmutter walitumia 18 kutoka kule. Bila zile, namba 42 na namba 16 ni nukta tupu kwenye picha, hujui kama ziko mbali au zimeishiwa upepo.

Watu hawakukubali kirahisi na walikuwa na haki. Labda ni vumbi la rangi ya kijivu lisilobadilisha rangi ya mwanga, labda supanova za zamani zilikuwa dhaifu. Kilichonituliza mimi ni supanova moja tu, 1997ff, Ron Gilliland na huyu huyu Mark Phillips ndo waliyoikuta kwenye picha za darubini ya anga ya Hubble, Riess akaichambua na kutoa matokeo 2001. Hii ililipuka kama miaka bilioni 10 iliyopita. Kama shida ingekuwa vumbi au uzee, ilitakiwa iwe hafifu kupita zote kwasababu ndo ya mbali kupita zote. Ikawa kali kuliko maelezo hayo yanavyoruhusu. Yaani huko mwanzo kabisa mwendo ulikuwa unapungua kweli, uvutano ulikuwa unashinda kwasababu maada ilikuwa imebanana, halafu kama miaka bilioni 5 au 6 iliyopita kitu kingine kikashinda na mwendo ukaanza kuongezeka.

Hicho kitu mwanafizikia Michael Turner alikipa jina mwaka ule ule wa 1998, nishati ya giza, na jina limekaa. Kwa vipimo vya sasa kinachukua kama asilimia 68 ya vyote vilivyopo, maada ya giza, ile isiyoonekana ila ina uzito, 27, na sisi na nyota na bahari na kila unachoweza kugusa ni asilimia 5. Kinaweza kuwa ni nguvu ya nafasi tupu yenyewe, ile namba ambayo Einstein aliiweka 1917 ili ulimwengu usimame usianguke halafu akaiondoa alipoona kumbe unatanuka. Shida ni kwamba ukijaribu kukokotoa nguvu ya nafasi tupu kwa fizikia ya chembe unapata jibu kubwa kuliko linalopimwa kwa takriban mara 1 yenye sifuri 120 mbele yake. Sijui kosa lingine la namna hiyo kwenye sayansi nzima na linanikosesha usingizi kweli, kwasababu zile nadharia mbili, ya chembe na ya uvutano ya Einstein, zote kila moja kwa upande wake inafanya kazi vizuri sana.

Nobel ya fizikia ya 2011 nusu ilienda kwa Perlmutter na nusu nyingine wakagawana Schmidt na Riess. Walistahili, sina neno. Halafu kuna zawadi nyingine, ya Breakthrough ya 2015, ikagawanywa kwa watu 51 wa timu zote mbili, na hiyo naiona imekaa vizuri zaidi. Lakini Hamuy na Maza majina yao hayamo kwenye orodha ya waandishi ya zile makala mbili za ugunduzi, vipimo vyao ndo vimo ndani. Nikifundisha vijana naanza na hao wawili.

Na msifikiri hayo yameisha. Machi 2025 mradi wa DESI, ambao uko kwenye darubini ya mita 4 ya Kitt Peak, Arizona, yenye nyuzi 5,000 zinazoelekezwa na roboti kila moja kwenye galaksi yake, walitoa matokeo ya miaka yao 3 ya kwanza, karibu galaksi na kwaza (viini vikali sana vya galaksi za mbali) milioni 15. Wao hawatumii karabai, wanatumia alama ya mawimbi ya sauti ya ulimwengu mchanga iliyobaki kwenye mpangilio wa galaksi, ni kama rula. Wakiunganisha rula yao na mwanga wa kale wa ulimwengu na supanova, inaonekana nishati ya giza sio thabiti, inaonekana inapungua nguvu. Wanafizikia wanapima uhakika kwa sigma na wanataka 5 ndo waseme tumegundua. DESI walipata 2.8 wakitumia mkusanyo mmoja wa supanova, 3.8 wakitumia mwingine, na 4.2 wakitumia wa tatu.

Umeona? Rula ni ile ile. Kinachobadilisha jibu ni umetumia karabai za nani. Ule mkusanyo uliotoa 4.2 una supanova 1,635 za mbali zilizopigwa na kamera moja, kwenye ile ile darubini ya mita 4 ya Cerro Tololo, lakini za karibu ni 194 tu na zimetoka kwenye misako ya zamani ya darubini mbalimbali, kila moja na vichujio vyake na namna yake ya kupima. Na wapo wanaosema tofauti ya asilimia chache tu kwenye mwanga kati ya kundi la karibu na la mbali inatosha kuyeyusha sehemu kubwa ya ile 4.2. Mi siko upande wowote kwenye hilo bado, ningependa sana iwe kweli inapungua maana tungekuwa na mlango wa kuingilia, ila kupenda sio kupima.

Kwahiyo macho yangu yako kwenye za karibu. Kituo cha darubini cha Palomar kule California wameshatoa mkusanyo wa supanova za Ia zaidi ya 3,600, zote za karibu, zimepigwa na kamera moja. Na Chile, mlima Cerro Pachón, jirani kabisa na Cerro Tololo, darubini ya Vera Rubin yenye kioo cha mita 8.4 ilionyesha picha zake za kwanza Juni 2025 na itakuwa inapiga anga lote la kusini tena na tena kwa miaka 10. Itapata supanova za mbali nyingi kuliko tulizowahi kuwa nazo. Na itapata za karibu pia, kutoka mlima wa pili tu na ule ambako Hamuy na wenzake walikuwa wanapiga picha zao za vioo.